Hesabu Niliyompa Mzee Farajala

Oili ya difu, lile bonge la meno ya chuma katikati ya ekseli ya nyuma ya gari, ina harufu yake. Si kama oili ya injini, ambayo hunuka moshi na joto tu. Ya difu inanuka yai lililooza lililochanganywa na kitunguu saumu, na ikiingia kwenye nguo haitoki hata ufue mara tatu. Wiki iliyopita nilipeleka kigari changu kwa fundi mmoja hapa Jinja, kijana mpole, akafungua nati ya chini ili amwage oili kuukuu, na harufu ile ikanipiga usoni. Nikashika ukingo wa mlango. Kijana akadhani nimepatwa na kizunguzungu, akaniletea benchi na maji ya chupa. Nilimshukuru nikakaa. Sikumwambia kwamba ni aibu iliyonikalisha.

Ngoja niwaambie nyinyi, kwa sababu nyinyi hamnijui. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimefundisha watoto wa watu kuhesabu kwa miaka mingi, na nikimkamata mtoto amebadilisha jibu ili lifanane na la jirani yake, huwa namkazia macho mpaka anainamisha kichwa. Wanafunzi wangu wanasema mimi ni mkali. Laiti wangejua hesabu ya kwanza kubwa niliyowahi kupewa na watu wazima niliifanyaje.

Tulikuwa tunakaa Mbale, Namakwekwe, katika vyumba viwili vya kupanga. Baba yangu alikuwa dereva wa magereza aliyestaafu, Mwiteso, na mama yangu Mgisu muuza vitunguu sokoni. Kwa kuwa baba hakujua Kigisu cha kutosha na mama hakutaka hata kusikia Kiteso, nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, kile cha kambini, na majirani walikuwa wakitucheka kwamba kwetu hata paka anaamrishwa kwa sauti ya gwaride. Baba aliitwa Afande mtaa mzima, ingawa sare alikuwa ameshairudisha.

Alipostaafu alinunua pikapu. Ilikuwa kuukuu tayari siku aliyoinunua, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, na mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani. Lakini ilikuwa na nguvu za ajabu. Baba aliitumia kupandisha mizigo mlimani Wanale, saruji, mabati, chumvi, kreti za soda, na kuteremsha matoke na kabichi. Ukiipakia mpaka springi zinalia, baba akiachia klachi taratibu, inaondoka bila kusitasita na kuupanda mlima wote huku ikiunguruma. Watu wa mlimani waliiheshimu. Mjomba wangu mkubwa, kaka yake mama, alikuwa akisema mbele ya wageni kwamba shemeji yake hana ng'ombe lakini ana pikapu, na kwa Mgisu kumsema Mwiteso hivyo ni sifa kubwa.

Kwenye lami, sasa, ilikuwa aibu tupu. Ukitaka kwenda Jinja, injini inapiga kelele kana kwamba mnakimbizwa, na nje miti inapita polepole. Tulipitwa na mabasi, tukapitwa na malori ya miwa, na siku moja, karibu na Iganga, tulipitwa na basi la shule yetu. Darasa langu zima lilikuwa limepelekwa kuona bwawa la umeme Jinja, safari ambayo mimi sikulipiwa, na mimi nilikuwa nyuma ya pikapu juu ya magunia ya vitunguu. Walinitambua. Walifungua madirisha wakanipungia mikono na kuimba jina langu, Amongin, Amongin, na mmoja akatoa kichwa nje akaniuliza kama tunakwenda kuzika. Nikajilaza kati ya magunia, nikajifunika turubai. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kwa muhula mzima baada ya hapo, nikipita uwanjani, kuna mtu ataanza kutembea polepole kwa huzuni, mikono nyuma, na wote wataanguka kwa kicheko.

Sikumwambia baba. Niliichukia tu ile pikapu kimyakimya, kama mtoto anavyoweza kuchukia kitu kinachomlisha.

Fundi wa pikapu alikuwa Mzee Farajala, Mnubi, aliyefanya kazi Namatala kwenye kiwanja cha wazi chenye kibanda cha mabati. Alikuwa mrefu, mkimya, kanzu yake ya Ijumaa ilikuwa nyeupe kuliko shuka za hospitali, na siku nyingine zote alikuwa mweusi kwa grisi mpaka viwiko. Babu zake waliletwa na jeshi zamani sana, na ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kushika bunduki, kuna watu Mbale waliomtazama kana kwamba ndiye askari aliyewapora mwaka fulani. Fundi mwingine akikosea kufunga nati, ilikuwa bahati mbaya; yeye akikosea, ilikuwa tabia yake. Baba hakuwa hivyo. Baba alikaa naye kwenye tairi kuukuu wakinywa chai ya tangawizi, wakiongea Kiswahili chao cha haraka, na nadhani alikuwa rafiki pekee ambaye baba alikuwa naye pale mjini.

Likizo ya Agosti ya mwaka ule, difu ya pikapu ikaanza kulia. Mlio wa juu, wa kukwaruza, kila baba akiondoa mguu kwenye mafuta. Mzee Farajala akalala chini, akatoka na oili kiganjani, akamwonyesha baba vipande vidogo vya chuma vinavyong'aa ndani yake.

"Afande, hii meno imekwisha," alisema. "Difu imekufa. Mbale hapa hapana pata. Tuende Jinja, kwa wale wa vyuma chakavu."

Kabla ya kwenda waliihesabu ile difu ya zamani, yeye akizungusha gurudumu na baba akihesabu, kwa sababu, Mzee alivyoeleza, pikapu za aina ile zilitoka kiwandani na difu tofauti, na kwa nje zote zinafanana. Akaniona nimechuchumaa pembeni natazama. Yeye hakuwa mtu wa kumfukuza mtoto.

"Wewe binti," akasema, "ukibeba maji kwa kichwa, unapanda pale Wanale, unapiga hatua gani? Refu ama fupi?"

"Fupi, Mzee."

"Kwa nini?"

"Nikipiga ndefu nitaanguka."

"Na kwa lami, kama huna mzigo?"

"Ndefu."

"Basi, difu iko hivyo tu. Gurudumu likizunguka mara moja, hii propela, hii chuma refu ya kutoka kwa injini, inazunguka mara ngapi? Kama ni mingi, hiyo ni hatua fupi. Gari inaondoka haraka, inavuta mzigo, inapanda. Lakini kwa lami injini inachoka bure. Kama ni kidogo, hiyo ni hatua refu. Inakimbia sana, lakini kuondoka shida, mlima shida." Akagonga chuma kwa spana. "Hii ya baba yako ni tano kasoro kidogo. Ya mlima. Ndiyo tunatafuta."

Nilielewa mara moja. Nilielewa vizuri kuliko somo lolote nililowahi kufundishwa darasani, na nililoelewa ni kwamba kuna difu nyingine duniani, ya hatua ndefu, na pikapu yetu ikiwekewa ile, hakuna basi la shule litakalotupita tena.

Tukaenda Jinja watatu, kwa basi. Mzee Farajala alinichukua kwa sababu ya macho yangu. Mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumziba yeye macho yote mawili. Nati aliweza kuifungua kwa kupapasa, lakini alama ya chaki inayozunguka hakuweza tena kuifuata, na baba alihitajika kushika upande wa pili. Kwa hiyo mhesabuji nilikuwa mimi. Nilikuwa nimevaa gauni langu la Jumapili kwa ajili ya safari, na Mzee akanivulia koti lake la kazi akanivalisha juu yake ili nisichafuke.

Kwenye kiwanja cha vyuma chakavu kulikuwa na ekseli mbili za pikapu kama yetu, kila moja na difu yake. Moja ilikuwa karibu na geti, nyingine nyuma kabisa, chini ya mpapai. Tukaanza na ya geti. Kazi yenyewe ni hivi: mtu mmoja anashika upande mmoja usizunguke, mwingine anazungusha upande wa pili mara mbili kamili badala ya moja, kwa kuwa ule mwingine umesimama, polepole, na wa tatu anachuchumaa mbele, pale propela inapofungwa, anahesabu kile kisahani kinazunguka mara ngapi. Nikachora alama kwa chaki. Baba akakaza mikono. Mzee Farajala akaingiza nondo, akaanza kuzungusha.

Moja. Mbili. Tatu. Kisha kisahani kikaenda kama robo tatu ya njia, kikasimama.

Ilikuwa tatu na robo tatu. Nakumbuka hata kutu iliyokuwa pale ilipoishia alama ya chaki.

"Ngapi?" baba akauliza.

Sikupanga. Najua kila mwongo husema hivyo, lakini ni kweli sikupanga. Nililiona lile basi, nikaona wale wenzangu madirishani, na mdomo wangu ukasema, "Tano kasoro kidogo."

Baba akafurahi, akaachia mikono. Mzee Farajala hakuachia. Alibaki ameinama na nondo yake, kichwa upande, kama mtu anayesikiliza.

"Mkono yangu inasikia nyepesi," akasema. "Difu ya tano inakuwa nzito kuzungusha hivi. Binti, uko na hakika?"

"Nina hakika."

"Turudie."

Tukarudia. Moja, mbili, tatu, na robo tatu. Nikasema tena, tano kasoro kidogo, na safari hii nilihesabu kwa sauti, nikaingiza nne mahali ambapo hapakuwa na nne. Nilikuwa nimeshatunga hesabu nzima.

Mzee Farajala akajinyoosha, akajipangusa uso kwa mkono wa shati. "Sawa," alisema. "Mkono imezeeka. Macho ya mtoto ni mazuri." Akanipapasa kichwani. Ile ya mpapai hawakuihesabu.

Baba na mimi tukaenda Buwenge kumsalimia shangazi na kulala huko. Mzee Farajala akabaki na difu, aipakie kwenye lori lililokuwa linarudi Mbale. Zingatieni hapo, kwamba alibaki nayo peke yake, kwa sababu hapo ndipo mambo yake yote yalipoharibikia.

Siku ile difu mpya ilipofungwa, baba alinipakia mbele tukaijaribu kwenye barabara ya Soroti, ile iliyonyooka. Kuondoka iliondoka kwa uzito, ikitetemeka, na baba akakunja uso. Lakini ilipokwisha kushika mwendo, jamani! Injini ilinyamaza kabisa, upepo ukaanza kupiga filimbi kwenye ule mlango wa kamba, tukalipita basi, tukapita gari dogo la mtu mwenye tai. Baba alicheka. Sikuwa nimemsikia baba akicheka ndani ya gari tangu nizaliwe. "Hii difu ina mbio," alisema, akadhani labda ni kwa sababu meno yake bado hayajachakaa. Mimi nilitoa mkono dirishani na kumpungia kila mtu niliyemwona. Nawaambieni ukweli, nilikuwa na furaha tupu, bila hata doa la majuto.

Jumamosi iliyofuata binamu yangu, mtoto wa mjomba mkubwa, alikuwa anatahiriwa kule mlimani. Wanaojua Bugisu wanajua siku hiyo ni siku gani kwa ukoo. Baba alikuwa ameahidi kwa mdomo wake kwamba malwa yote, ile pombe ya ulezi ya sherehe, itapanda kwa pikapu yake, mitungi kumi mikubwa, pamoja na wazee wa upande wa mama ambao miguu yao haikuweza tena kupanda. Tulitoka Mbale watu wakiimba nyuma, ngoma za kadodi zikipigwa mbele yetu na wale waliokwenda kwa miguu, na mama yangu amevaa gomesi mpya.

Mwanzo wa mlima pikapu ilianza kulegea. Baba akashusha gia, ikaendelea kidogo. Kwenye ile kona ya pili, ambapo ng'ombe walikuwa wanavuka, akalazimika kusimama. Ng'ombe walipopita akaachia klachi, injini ikazimika. Akawasha, akaachia tena, ikaruka mara moja kama mtu mwenye kwikwi, ikazimika. Mara ya tatu alikanyaga mafuta mpaka mwisho, klachi ikatoa moshi na harufu ya kuungua, na badala ya kwenda mbele tukaanza kurudi nyuma. Wazee wakapiga kelele. Breki zilikuwa za kuokoteza. Gurudumu la nyuma likaingia kwenye mtaro, pikapu ikainama, na mitungi ikagongana. Nilikuwa nimeshika chuma cha nyuma, niliona mtungi wa kwanza ukipasuka na wa pili na wa tatu, mpaka ukabaki mmoja. Malwa ikateremka barabarani, ya rangi ya udongo, na mbwa wakaja.

Hakuna aliyeumia zaidi ya mama mdogo aliyechubuka goti. Lakini ngoma zilinyamaza. Watu wa mama walisimama wakitazama ile malwa inavyokwenda zake, na mjomba mkubwa akamwambia baba, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko tusi, "Shemeji, hii gari ilikuwa inapanda hapa na mawe ya msingi." Mwanamke mmoja akacheka. Kisha wengi. Baba alibeba mtungi uliobaki mzima kichwani kwake mwenyewe, mwanaume wa umri wake, afande, akapanda nao mpaka juu, na sisi tukimfuata.

Jioni ile alimwita fundi wa kule kijijini, wakaihesabu difu pale pale mtaroni. Tatu na robo tatu. Baba akakaa kwenye jiwe. Niliona anavyofikiri, niliona kabisa uso wake ukienda hatua kwa hatua: mtoto alihesabu tano mara mbili, mimi nilisikia kwa masikio yangu, difu zilikuwa mbili, na Farajala alibaki peke yake. Ningeweza kusema hapo. Palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa, kwa sababu baba alikaa kwenye lile jiwe muda mrefu. Nikaenda kumsaidia mama kukusanya vigae.

Asubuhi ya Jumatatu baba alikwenda Namatala na mwenyekiti wa mtaa na wanaume wawili wa Namakwekwe. Na mimi, kama shahidi. Mzee Farajala alikuwa anapiga mswaki, akafurahi kutuona, akaagiza chai.

"Hatukuja kunywa chai," baba akasema. "Umenibadilishia difu. Ile ya tano umempa nani?"

Mzee hakuelewa mwanzoni. Alipoelewa alitua kikombe cha maji chini, polepole sana. "Afande, mimi nilipakia ile ya geti. Ile tulihesabu."

"Ile tulihesabu ni tano! Mtoto huyu hapa. Amongin, ulihesabu ngapi?"

Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, wachoma mahindi, vijana wa boda, wanawake wenye madebe. Nilitazama vidole vyangu vya miguu. "Tano kasoro kidogo," nikasema.

Mtu nyuma akasema hawa Waswahili, maana Wanubi waliitwa hivyo pale, ndivyo walivyo, tangu enzi za jeshi lao, mikono yao haitulii. Alilisema kwa Kiswahili. Na baba yangu, ambaye alikuwa amekula Kiswahili na kulala nacho miaka thelathini, aliitikia kwa kichwa.

Nikainua macho. Mzee Farajala alikuwa ananitazama. Kwa macho yale yenye ukungu, sijui aliona nini, lakini alinitazama kwa muda, kisha akamtazama baba, akaitazama mikono ya baba, ambayo alikuwa ameikunja ngumi kwa hasira, kisha akanitazama mimi tena. Nikajua amejua.

"Kama mtoto anasema tano," akasema, "basi ni tano. Mtoto hapana danganya."

Akaingia kibandani. Akatoka na jeki yake kubwa, ile ambayo mafundi wa mji mzima walikuwa wakija kuiazima, na sanduku lake la spana, akaviweka nyuma ya gari la kukodi tulilokuja nalo. Akamwambia baba auze, atafute difu anayotaka. Baba alivichukua. Mimi nilikaa kando ya lile sanduku mpaka Namakwekwe, likinigonga mguu kwenye kila shimo.

Mafundi wenzake hawakumfukuza, wala mwenyekiti hakumshtaki. Watu waliacha tu kumpelekea magari. Kabla shule hazijafunguliwa kile kibanda kilikuwa kimeng'olewa mabati, na tukasikia yeye na mkewe wamehamia Jinja, Walukuba, kwa binti yao.

Baba alirudi Jinja kutafuta difu nyingine, akaipata, na pikapu ikapanda Wanale kwa miaka mingine mingi. Zile spana hakuziuza kamwe, wala hakuzitumia. Zilikaa chini ya kitanda chake, na sisi watoto tulijua kwamba sanduku lile haliguswi. Nilidhani ni kwa sababu ya hasira. Nilikuwa nimeshamaliza chuo cha ualimu siku nilipojikaza nikamwambia. Tulikuwa tunafagia chumba, nikalivuta lile sanduku, nikakaa juu yake, nikasema, baba, siku ile nilidanganya.

Hakugeuka. "Najua," alisema.

Aliporudi kule Jinja mara ya pili, alinieleza, difu ya mpapai ilikuwa pale pale, majani yameota ndani yake. Akaihesabu, ikawa tano kasoro kidogo. Kwa hiyo ile tuliyokuwa nayo ilikuwa ya geti, ile ile tuliyoichagua, na Farajala hakubadilisha kitu.

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Nilikuwa nimeshamwita mwizi mbele ya Namatala yote." Akaendelea kufagia mahali ambapo palikuwa pasafi. "Kila mwezi nilisema nitakwenda. Halafu miaka ikapita, na ukienda baada ya miaka unakwenda na uso gani?"

Kwa hiyo tulikuwa wawili tuliojua, tukikaa nyumba moja, kila mmoja akimficha mwenzake. Na hata hapo, baada ya kuambiana, hatukwenda. Baba alifariki na sanduku likiwa chini ya kitanda.

Mimi nikapata kazi Jinja. Nilijua nyumba ya Mzee Farajala ilipo, niliulizia wiki ya kwanza tu. Siku moja nilikuwa kwenye boda napita Walukuba, nikamwona amekaa kizingitini kwenye kiti cha plastiki, mrefu vile vile, uso ameuelekeza barabarani ingawa kwa hakika macho yalikuwa yamekwisha. Kijana wa boda alipunguza mwendo kwa sababu ya tuta. Nikamgonga mgongoni, nikamwambia aongeze.

Mwaka jana nilisikia amefariki. Nilikwenda msibani na sanduku la spana kwenye buti ya gari. Ndani ya nyumba wanawake walinisogezea mkeka, nikakaa karibu na mjane, Mama Zubeda, bibi mwenye umbo dogo na mikono mikavu. Akaniuliza kwa sauti ya chini mimi ni nani wa marehemu.

"Alikuwa fundi wa baba yangu, kule Mbale," nikasema. Ilikuwa kweli, na ningeweza kuishia hapo. "Mimi ndiye niliyehesabu ile difu, Mama. Nilihesabu uongo."

Alinishika mkono, si kwa nguvu. "Amongin," alisema. "Wa Afande."

Alijua jina langu.

"Alituambia siku ile ile. Alisema mtoto alitaka gari ikimbie, basi. Akasema angesema neno, yule baba angekuua pale mbele ya watu."

Hilo nilikuwa nimeshalielewa mwenyewe zamani, nilipokuwa mtu mzima, nilipokumbuka jinsi alivyoitazama mikono ya baba. Utotoni nilidhani alinyamaza kwa kukosa ushahidi. Baadaye nikajua alipima jina lake na mgongo wangu, akachagua mgongo wangu. Nililia juu ya jambo hilo miaka mingi, na nadhani nililia kwa raha kidogo, kama mtu aliyekwisha kusamehewa. Sikufikiri kwamba kuna kitu kingine cha kuelewa.

Mama Zubeda hakuwa amemaliza.

"Tulipojua unafundisha hapa, alifurahi sana," alisema. "Alisema, sasa atakuja. Yule mtoto ana akili, atakuja. Kila Idi alikuwa anauliza kama kuna mgeni mlangoni ambaye hatujamkaribisha."

Nimefundisha Jinja miaka kumi na minne. Kutoka kwangu mpaka mlango ule, kwa boda, ni dakika kumi.